Kwa Nini Tutazima Seva Usiku wa Jumamosi

Maelezo ya Afisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri kwa wakazi wa kata, yaliyotolewa katika mkutano wa hadhara kwenye viwanja vya ofisi ya kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimekuja kueleza jambo ambalo kwa kawaida Halmashauri hulimaliza kwa karatasi moja iliyobandikwa ubaoni. Karatasi ya mara ya mwisho niliiandika mimi mwenyewe. Ilisema: "Kutakuwa na maboresho ya mfumo. Huduma zitasitishwa kwa muda. Samahani kwa usumbufu." Maneno kumi na mawili, nikajiona nimemaliza kazi. Asubuhi yake bibi mmoja aliyembeba mjukuu, aliyekuwa ametembea tangu alfajiri, alinikuta nje ya zahanati. Karani alikuwa anaandika kwa mkono na foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe. Bibi akaniuliza, bila hasira yoyote: "Mwanangu, huo mfumo mnaouboresha kila mara, unaumwa nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilisomea mawasiliano ya umma, si kompyuta. Nilimpa pole, nikaondoka nikiwa na aibu, na tangu siku hiyo nimeketi mara nyingi na wenzetu wa Kitengo cha TEHAMA, nikiwauliza maswali ambayo nadhani bibi yule angeyauliza. Leo nimeleta nilichojifunza, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, tutazizima tena seva za Halmashauri, na safari hii sitaki mtu yeyote aambiwe "maboresho" kisha aachwe hapo.

Nianze na jambo ambalo karibu kila nyumba yenye umeme katika kata hii imelifanya kwa mkono wake. Mwaka 2024, mtu aliponunua umeme wa LUKU kulikuwa na siku moja ambayo, badala ya tarakimu 20 alizozizoea, alipewa makundi matatu ya tarakimu 20. Akaambiwa aingize la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Wapo waliodhani ni utapeli. Wapo walioingiza kundi la tatu peke yake, mita ikakataa, wakalala gizani wakiilaumu mita.

Sababu yake ilikuwa hii. Mita hizi, hapa kwetu na katika nchi nyingine nyingi, hufuata utaratibu mmoja wa kimataifa, na katika utaratibu huo kila tokeni wakati huo ilibeba namba iliyohesabu dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa namba hiyo ina kikomo. Inatosha kuhesabu dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuingiziwa yale makundi mawili ya mwanzo isingepokea tena umeme mpya, hata kama ilikuwa nzima, hata kama nyaya zake zilikuwa zimefungwa jana. Haikuwa imeharibika. Hesabu iliyokuwa ndani yake ndiyo iliyofika mwisho.

Naomba tulikumbuke hilo, maana jambo la seva ni ndugu yake wa karibu.

Seva ni kompyuta isiyolala. Zetu zimo katika chumba kidogo chenye kiyoyozi pale makao makuu, hazina kioo wala kipanya, na kazi yake ni kutunza na kutoa kumbukumbu: orodha ya wagonjwa na dawa walizopewa, stakabadhi za ushuru wa soko, maombi ya vibali vya ujenzi, mihutasari ya vikao, majina ya vikundi vya akina mama na vijana waliokopeshwa. Kumbukumbu hizo huandikwa katika diski. Mtu akisema "mfumo umepoteza jina langu", mara nyingi anazungumzia, bila kujua, kitu chenye ukubwa wa kiganja kilichochomekwa ndani ya seva.

Sasa, jambo lililonishangaza mimi ni kwamba diski yenyewe si sanduku la kuwekea vitu tu. Diski ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Ina chombo chake cha kufanya hesabu, na ina maelekezo yake ambayo kiwanda kiliyaandika humo kabla haijauzwa. Maelekezo hayo huiambia mahali pa kuandika, namna ya kusoma, sehemu zilizochakaa ambazo zisitumike tena, na muda ambao imekuwa imewashwa. Wataalamu huyaita programu dhibiti. Hayaonekani kwenye simu yako wala kwenye kompyuta ya karani. Yakiwa na kosa, diski inaweza kuwa mpya inayong'aa na bado ikawa na siku yake ya kufa iliyoandikwa ndani.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mwezi Novemba 2019, kampuni ya Marekani iitwayo Hewlett Packard Enterprise, ambayo seva zake hutumika duniani kote, ilitoa ilani kwa wateja wake. Ilisema kwamba baadhi ya diski za aina ya SSD zilizomo katika mashine zake zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa. Saa hizo ni sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8. Ilani haikusema kwamba zingepungua kasi au kuanza kusumbua. Ilisema kwamba zikifika saa hiyo zitakufa, na baada ya hapo diski yenyewe haiwezi kurudishwa, wala kumbukumbu zilizokuwa ndani yake.

Mtu aliyewahi kusoma hesabu za kompyuta akiitazama namba hiyo hutikisa kichwa. Katika njia moja ya kawaida sana ya kuhifadhi namba ndani ya kompyuta, namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa ni 32,767. Ukiongeza moja, hakuna pa kuiweka. Wenye pikipiki za zamani wanaelewa: kilometa zikifika tisa tupu, mashine hurudi kwenye sifuri na kuanza upya, na pikipiki inaendelea kutembea. Diski zile hazikuwa na bahati ya pikipiki.

Miezi minne baadaye, Machi 2020, kampuni hiyohiyo ikatoa ilani nyingine, kwa diski nyingine, na kikomo kingine: saa 40,000, yaani miaka 4, siku 206 na saa 16. Safari hii ilani ilitangulia msiba. Kwa hesabu ya tarehe ambazo diski zile ziliuzwa, za kwanza zingeanza kufa Oktoba mwaka uleule, kwa hiyo wenye seva walikuwa na miezi kadhaa ya kuchukua hatua. Dawa katika ilani zote mbili ilikuwa moja: kuandika upya programu dhibiti ndani ya diski kabla saa haijafika. Ni dakika chache za kazi. Aliyeifanya hakupoteza kitu. Asiyeifanya alikuwa anasubiri.

Hapa mtu makini atauliza, kama alivyoniuliza Mtendaji wetu: si seva huwa na diski zaidi ya moja, moja ikifa nyingine iendelee? Ndiyo, na zetu ziko hivyo. Kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa pia katika ya pili, wakati huohuo. Utaratibu huo umeokoa ofisi nyingi. Lakini unategemea jambo moja, kwamba diski mbili hazitakufa pamoja. Ukiwasha vibatari viwili jioni moja, ukavitia mafuta kiasi kimoja na utambi wa urefu mmoja, usitarajie kimoja kikuongoze baada ya kingine kuzimika. Vitazimika vikipishana kidogo tu. Diski zilizonunuliwa pamoja, zikachomekwa siku moja katika seva moja, huhesabu saa zilezile. Ilani ya mwaka 2019 ililisema hilo waziwazi: diski zilizoanza kazi pamoja zina uwezekano wa kufa karibu wakati mmoja.

Diski zetu zilinunuliwa kwa zabuni moja na ziliwashwa siku moja.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema Afisa Habari ametangaza kwamba diski za Halmashauri ndizo zile za ilani. Sizo. Za kwetu ni za mtengenezaji mwingine. Lakini mtengenezaji huyo naye ametoa toleo jipya la programu dhibiti, na katika maelezo yake ameandika kwamba linarekebisha kosa linaloweza kusababisha kupotea kwa kumbukumbu. Wenzetu wa TEHAMA wana kanuni ambayo mimi naiona ya busara: toleo jipya likisema linaongeza kasi, wanasubiri, likisema linazuia upotevu wa kumbukumbu, hawasubiri.

Nasema hivyo kwa sababu katika kikao cha kitongoji wiki iliyopita, mzee mmoja ambaye amekuwa dereva wa malori miaka mingi alisimama akasema: "Gari linatembea vizuri, mwanangu. Kwa nini mnafungua injini?" Watu walicheka, lakini mimi sikucheka, na nilimwambia, "Baba, swali lako ni zito, nipe muda nilitafutie jibu." Jibu nililolipata ni kwamba mzee ana haki kwa sehemu kubwa. Januari 2009 kampuni ya Seagate, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa diski duniani, ilikuwa na diski zilizokuwa zinajifunga zenyewe na kukataa kutambuliwa na kompyuta. Ikatoa programu dhibiti mpya ya kuziponya. Baadhi ya wateja waliokuwa na diski za ujazo wa gigabaiti 500 waliiweka dawa hiyo, na diski ambazo zilikuwa zinafanya kazi vizuri zikazimika hapohapo. Kampuni ililazimika kuiondoa haraka na kuitengeneza upya. Kwa hiyo kufungua injini kuna hatari yake, na anayesema hakuna hatari hajui anachofanya, au anajua na anawaficha. Tofauti yetu na lori ni kwamba lori hutoa sauti kabla halijakufa. Dereva husikia mlio, huona moshi, hunusa. Diski yenye hesabu mbaya haitoi sauti yoyote. Saa ya 32,767 inafanya kazi vizuri sana.

Sasa niwaeleze kitakachofanyika usiku ule, ili mkisikia "seva zimezimwa" mjue ndani ya chumba kile kuna nini.

Kazi yote itafanywa kwa kuandika amri. Labda mmewahi kuona katika sinema dirisha jeusi lenye maandishi meupe na kijana anayeandika upesi upesi. Uhalisia wake ni wa polepole zaidi. Fundi huandika mstari mmoja, husoma jibu, hunyamaza, huandika mwingine. Niliuliza kwa nini wasitumie picha na vitufe kama sisi wengine. Nikajibiwa kwamba seva hazina kioo, kwa hiyo fundi huzifikia kupitia waya wa mtandao akiwa kwenye kompyuta yake. Na pili, kila amri iliyoandikwa na kila jibu lililorudi hubaki katika faili. Kesho mkaguzi akiuliza nani alifanya nini, saa ngapi, katika diski ipi, jibu lipo limeandikwa. Mimi mtu wa habari nililipenda hilo kuliko yote. Kubofya hakuachi maandishi.

Kabla ya amri yoyote kutolewa kwa diski, nakala rudufu itakuwa imechukuliwa na kupelekwa nje ya jengo. Hapo nilidhani ndipo kazi ya nakala inapoishia. Kumbe la. Nakala hiyo hurejeshwa kwanza katika mashine nyingine na kufunguliwa, mtu akatafuta majina machache na kuona kama yapo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Kisha diski zitaulizwa habari zake. Kuna programu iitwayo smartctl; ukiiandika pamoja na jina la diski, inakuletea aina ya diski, namba yake ya utambulisho, toleo la programu dhibiti iliyomo, na saa ilizokwisha kuwashwa. Nilikaa nyuma ya fundi alipoifanya hatua hii kwa majaribio. Saa za diski ya kwanza na za diski ya pili zilikuwa namba ileile. Nimeandika habari nyingi za Halmashauri hii, lakini sikumbuki namba iliyowahi kunikaa akilini kama ile.

Baada ya hapo faili lenye programu dhibiti mpya litahakikiwa. Mtengenezaji hutangaza pamoja na faili lake alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 64. Fundi huandika amri inayokokotoa alama ya faili alilonalo mkononi, akalinganisha. Ikipishana hata herufi moja, faili hilo halitumiki, kwa sababu limeharibika njiani au mtu amelichezea. Ni kazi ya nusu dakika, na nimeambiwa ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Halafu inakuja amri yenyewe. Hapa naomba niwachekeshe kidogo, ingawa jambo ni la kweli. Kuna programu kongwe iitwayo hdparm, inayotumika katika kompyuta zinazoendeshwa kwa Linux. Inao uwezo wa kuandika programu dhibiti ndani ya diski, lakini waliyoiandika walijua hatari yake. Ukiipa amri hiyo, inakataa. Inakutaka kwanza uongeze maneno ya Kiingereza yenye maana ya "ndiyo, najua ninachofanya". Ukiyaongeza, bado inakutaka uandike mengine, na maana yake ni "tafadhali iharibu diski yangu". Mpaka uombe kwa mkono wako mwenyewe diski iharibiwe, haifanyi kazi. Nadhani hata fomu zetu chache za Halmashauri zingefaidika na uaminifu wa namna hiyo. Sisi hatutaitumia hdparm. Tutatumia programu iliyotolewa na mtengenezaji wa seva, ambayo huipima diski kwanza kuona kama faili linaifaa. Lakini hatari iliyo nyuma ya maneno yale ni ileile.

Hatari hiyo ina sura mbili. Ya kwanza ni kukosea jina. Katika seva, diski huitwa kwa herufi. Ya kwanza a, ya pili b, na kuendelea. Kukosea herufi moja ni kuiandikia diski isiyokusudiwa. Ndiyo maana Jumamosi watakuwa wawili: mmoja ataandika amri bila kuitekeleza, mwingine atasoma kwa sauti namba ya utambulisho kwenye kioo na kuilinganisha na ile iliyochapishwa kwenye diski, na ndipo kitufe kibonyezwe. Inachosha. Nimeiona. Nimeiona pia sababu yake, maana katika majaribio yale msomaji alimsimamisha mwandishi mara moja.

Ya pili ni umeme. Wakati maelekezo ya zamani yanafutwa na mapya yanaandikwa, kuna muda mfupi ambao diski haina akili kamili. Umeme ukikatika hapo, inaweza isiamke tena. Diski za kizazi kipya, zile za aina ya NVMe, zina unafuu kidogo: zinaweza kuwa na nafasi zaidi ya moja za kutunzia programu dhibiti, hata kufikia saba, hivyo mpya huwekwa kando kwanza, na diski huambiwa ianze kuitumia itakapowashwa upya, wakati ya zamani bado ipo. Zetu si za aina hiyo. Kwa hiyo betri za akiba zimepimwa, jenereta limejazwa mafuta na litakuwa linanguruma tangu mwanzo, si kusubiri umeme ukatike ndipo liwashwe. Majirani wa makao makuu watusamehe kelele za usiku huo.

Diski zitafanyiwa kazi moja baada ya nyingine, kamwe si mbili kwa pamoja. Ya kwanza ikimaliza, seva itazimwa kabisa na kuwashwa, diski itaulizwa tena toleo lake, na itaachwa ifanye kazi huku ikichunguzwa. Ndipo wahamie ya pili. Hiyo ndiyo sababu ya saa saba mnazoziona katika tangazo. Uandishi wenyewe ni wa dakika chache kwa kila diski. Muda mwingine wote ni wa kuhakikisha, na mimi naona bora tuwaombe saa saba kuliko tuwaombe saa moja tukakimbia.

Kuna aliyeniuliza kama si kutia watu hofu, kuwaeleza yote haya. Nitamjibu kwa kisa kimoja.

Katika kituo changu cha kwanza cha kazi, mbali na hapa, diski ya mashine iliyotunza malipo ya soko ilikufa siku ya mnada. Sisemi chanzo kilikuwa programu dhibiti. Hakuna aliyewahi kuichunguza. Ninachokijua ni kwamba nakala rudufu ilikuwepo, ila ilikuwa ndani ya mashine ileile. Malipo ya miezi kadhaa yakapotea. Wafanyabiashara wakaitwa walete stakabadhi zao za karatasi. Alikuja mama mmoja muuza dagaa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, ndani yake stakabadhi zote, zimepangwa kwa miezi, zinanuka dagaa. Akatambuliwa na kuondoka. Nyuma yake alikuwa kijana wa viatu vya mitumba. Naye alikuwa amelipa, na karani aliyempokea alikumbuka uso wake, lakini karatasi hakuwa nayo kwa sababu tulikuwa tumewaambia wananchi kwamba sasa kila kitu kipo kwenye mfumo. Tangazo hilo niliandika mimi. Kijana alidaiwa upya. Nilikuwa mgeni kazini na sikusema neno, na hilo la kutosema neno ndilo linalonisumbua hadi leo kuliko diski yenyewe.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, haya ndiyo ninayowaomba.

Kwa siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo na siku mbili baada yake, yeyote atakayelipa ushuru, kodi au ada ya Halmashauri aitunze stakabadhi yake ya karatasi, na yule anayelipa kwa simu asifute ujumbe wenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontrol namba. Mwenye malipo ya kukamilisha kabla ya mwisho wa wiki ayakamilishe Ijumaa. Malipo yatakayokosa kupokelewa usiku huo hayatatozwa faini ya kuchelewa, na Mkurugenzi ameridhia hilo kwa maandishi.

Zahanati na kituo cha afya havifungwi hata kwa dakika moja. Wagonjwa wa dharura na akina mama wajawazito watapokelewa usiku huo kama kawaida, isipokuwa wahudumu wataandika katika daftari na kuingiza majina kwenye mfumo baadaye. Akina mama, mkija, njooni na kadi ya kliniki. Usiku huo mhudumu hataweza kuitafuta historia yako kwenye kompyuta. Anayetumia dawa kila siku aje na kasha la dawa au cheti chake.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uzito. Hakuna mtumishi wa Halmashauri atakayempigia simu mwananchi yeyote kumwomba namba ya siri, kitambulisho au pesa eti kwa sababu mfumo unaboreshwa. Tangazo kama hili matapeli nao hulisoma. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata simu, kisha mjulishe mwenyekiti wako wa kitongoji.

Na iwapo kazi itakwenda vibaya? Niliuliza hilo pia. Diski ikikataa kuamka baada ya kuandikiwa, ya pili itakuwa bado haijaguswa na itabeba kazi, wakati diski ya akiba, ambayo tayari imenunuliwa na ipo kabatini, inachomekwa mahali pa ile iliyokufa. Ikitokea hivyo huduma zinaweza kuchelewa hadi Jumapili mchana. Nitaandika ukweli huo ubaoni saa kumi na mbili asubuhi, hapa kwenye ofisi ya kata na katika kila zahanati, kwa maneno yatakayozidi kumi na mawili: diski ipi, imetokea nini, na tunatarajia kumaliza saa ngapi. Kazi ikienda vizuri nitaandika pia, pamoja na namba ya toleo jipya, kwa yeyote atakayependa kuijua.

Mwenzangu wa Kitengo cha TEHAMA yupo hapa nami. Ameleta diski moja ya zamani iliyokwisha kufa, anawaruhusu muishike na kuizungusha mkononi. Mheshimiwa Diwani, kwa ruhusa yako, maswali yaanze na bibi aliyeketi pale mbele. Leo amekuja bila mjukuu.